Mgeni Akianguka Wakati wa Mlipuko, Nani Humwinua?

Tarehe 26 Februari 2020 ndege ya China Southern ilitua Nairobi na abiria 239, na taharuki ikazuka nchini. Kwa wengi, mtu mwenye sura ya Kichina akawa ndiye korona yenyewe. Mgonjwa wa kwanza alipotangazwa Kenya, Machi 13, alikuwa Mkenya aliyerejea kutoka Marekani kupitia London. Siku tatu baadaye Tanzania ikatangaza wa kwake: Mtanzania aliyetoka Ubelgiji. Macho yote yalikuwa kwa mgeni, virusi vikaingia na wenyeji.

Aprili zamu ikageuka. Mjini Guangzhou, kusini mwa China, Waafrika walitolewa kwenye nyumba walizopanga, hoteli zikawakataa, wengine wakalala barabarani. Mabalozi wa nchi za Afrika walimwandikia Waziri wa Mambo ya Nje wa China kulalamika.

Katika saikolojia ya jamii, ninayoifundisha, swali linalonisumbua zaidi ni la wale waliopita tu, wasiosema wala kutenda lolote. Je, wote walikuwa na chuki? Hapana, na hilo ndilo linalopaswa kututisha.

Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Samuel Gaertner na John Dovidio, walichapisha jaribio lao. Wanafunzi wa kike Wazungu walisikia viti vikimwangukia mwanamke katika chumba kingine. Aliyeamini kwamba ni yeye peke yake aliyesikia alikwenda kusaidia bila kubagua: asilimia 94 walimwendea mwanamke Mweusi, asilimia 81 Mzungu. Walipoambiwa kuna wengine wanaosikia pia, mambo yalibadilika. Mzungu bado alisaidiwa na asilimia 75. Mweusi, asilimia 38 tu.

Tazama kilichobadilika. Mioyo ilikuwa ileile, kilichoongezeka ni kisingizio: "mwingine atakwenda." Ubaguzi wa aina hii haujitangazi. Husubiri sababu inayokubalika, kisha hujificha nyuma yake.

Mlipuko wa ugonjwa huzaa sababu hizo kwa wingi. "Naogopa kuambukizwa" ni hoja ya kweli, na hakuna mtaalamu wa afya atakayekulaumu kwa kujikinga. Lakini jipime. Mtu mwenye homa ameanguka kituo cha daladala, na lafudhi yake si ya kwenu. Angekuwa mtoto wa shangazi yako, ungefanya nini? Pengine ungesimama mita mbili, ukavaa barakoa, ukapiga simu, ukamsemesha asilegee hadi msaada ufike. Basi mgeni naye afanyiwe hivyohivyo, bila kupunguziwa hata kimoja. Ukimkimbia yeye na kumsogelea binamu, usiuite woga huo tahadhari.

Palipo na umati, usipaze sauti kwa wote, kwa sababu kila mmoja atamwachia mwenzake. Mnyooshee mtu mmoja kidole: "Kaka mwenye shati la kijani, piga 199. Dada, tafuta maji." (199 ni simu ya Wizara ya Afya ya Tanzania.) Ukishataja mtu, kile kisingizio cha "mwingine atakwenda" kimekufa.

Na ukipokelewa simu, usianze na "kuna Msomali hapa" au "kuna Mkongomani." Mhudumu anataka kujua mlipo, kama mgonjwa anapumua, na kama akiitwa anaitika.