Gesi ya Kiyoyozi Haiishi kwa Kutumika

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa, kiyoyozi kikianza kutoa upepo wa vuguvugu, jambo la kwanza kusemwa ni kwamba gesi imeisha. Fundi huja na mtungi, akajaza, akalipwa, na baada ya miezi michache huitwa tena kwa kazi ileile. Nadhani dhana hii imetoka jikoni, ambako gesi huisha kweli kwa sababu inaungua. Gesi ya kiyoyozi haiungui katika kazi yake. Huzunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, ikichukua joto la chumbani na kulitoa nje, kwa hiyo ikipungua baada ya kufungwa vizuri, imevuja mahali, mara nyingi kwenye maungio yaliyokazwa vibaya au kwenye mashine ya nje iliyoliwa na chumvi ya upepo wa bahari. Kujaza bila kutafuta uvujaji ni kuteka maji kwa pakacha. Fundi makini hupaka povu la sabuni kwenye maungio, huziba, huondoa hewa na unyevu kwa pampu maalumu, ndipo hujaza kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Wala asichanganye aina za gesi: mashine iliyotengenezwa kwa gesi ya R22 haijazwi R32, ambayo isitoshe inaweza kushika moto.

Wakati mwingine gesi husingiziwa tu. Chujio lililojaa vumbi huzuia upepo, mabomba ya ndani yakaganda barafu, na barafu ikiyeyuka maji hudondokea kitandani. Kuosha chujio ni kazi ya dakika chache ambayo mwenye nyumba anaiweza mwenyewe. Maji yakidondoka bila barafu, kwa kawaida bomba la kutolea maji limeziba au lilifungwa bila mteremko.

Wengine huweka rimoti kwenye nyuzi 16 wakiamini chumba kitapoa upesi. Katika mashine isiyo ya inveta, yaani isiyoweza kubadilisha kasi yake, kompresa inayosukuma gesi huzunguka kwa kasi ileile, uweke 16 au 24. Tofauti ni kwamba ukiweka 16 itachelewa kuzima.

Na mashine kubwa si lazima iwe bora. Ukifunga ya BTU 24,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kwenye chumba kidogo cha kulala kinachotosheka na 9,000, itapoza haraka na kuzima kabla ya kukausha hewa, na katika joto la pwani utalala kwenye baridi yenye unyevunyevu hadi kwenye shuka.