Hedifoni yenye besi kwa pesa ya mwanachuo: angalia kuziba kwanza

Boom, yaani pesa ya mkopo ya wanachuo, likitoka, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Kaka, nina elfu themanini, nataka hedifoni kubwa za kufunika masikio, zenye besi. Nichukue zipi?" Wanaouliza ni wanachuo wa Mlimani, Ardhi, DIT na IFM, na wengi huambatanisha picha ya boksi lenye maandishi makubwa ya milimita 50 na Extra Bass. Mimi kazi yangu ni sauti. Mchana nachanganya muziki studio, jioni nafungua hedifoni za watu mezani kuzitengeneza. Jibu langu halibadiliki: besi ya hedifoni iliyofungwa nyuma, yaani yenye vikombe vilivyofunikwa kwa nje, inakaa kwenye kuziba. Pedi, ile mito laini ya kikombe, zikikaa vizuri kuzunguka sikio na hewa isipite, hata spika ya kawaida ndani ya kikombe itakupa besi. Zisipoziba, hakuna spika itakayokuokoa.

Sababu yake inafaa uielewe, maana ukishaielewa hutababaishwa na boksi tena. Sikio la binadamu linasikia kuanzia takriban 20 Hz, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, hadi 20,000 Hz. Besi ni ile sehemu ya chini, tuseme chini ya 250 Hz. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la kawaida la besi unapiga karibu 41 Hz. Wimbi la 50 Hz lina urefu wa karibu mita saba, refu kuliko chumba chako cha hosteli. Ndani ya kikombe cha hedifoni wimbi la namna hiyo halina pa kusafiria. Kinachotokea ni shinikizo la hewa kupanda na kushuka kati ya spika na ngoma ya sikio lako. Likipata upenyo, linatoka. Na kwa kuwa besi hupanda na kushuka taratibu, inapata muda wa kuvuja kabla hujaisikia, wakati matoazi na sauti ya mwimbaji hubadilika haraka kiasi kwamba upenyo uleule hauzisumbui sana. Ni kama kujaza tairi kwa pampu ambayo mpira wake umepasuka: mkono unachoka na tairi halijai.

Ndiyo maana watu wawili wa chumba kimoja huvaa hedifoni ileile, mmoja akasema inatikisa, mwingine akasema imepoa. Wote wanasema kweli. Mwenye miwani ana mkono wa miwani unaoinua pedi pale nyuma ya shavu. Mwenye rasta au misuko minene ana njia ndogondogo za hewa chini ya pedi. Dada anayeweka hedifoni juu ya hijabu anapitisha hewa kwenye kitambaa, hata kama ni chepesi. Akiziweka chini ya hijabu, pedi iguse ngozi, atashangaa besi ilikuwa wapi siku zote. Kwa mwenye miwani, tafuta pedi nene na laini zinazoumeza mkono wa miwani badala ya kuukalia juu.

Kuna aina mbili za kukaa kwenye sikio. Zipo zinazolizunguka sikio lote, na zipo zinazolikalia juu. Sikio lina mikunjo, na pedi inayolikalia juu hupata shida kuziba mikunjo hiyo, na ukigeuza shingo tu kuziba kunabadilika. Kwa anayetaka besi, na kwa pesa ndogo, mimi huchagua inayozunguka karibu kila mara. Mfano mzuri ni JBL wenyewe: Tune 520BT ina spika ya milimita 33 na inakaa juu ya sikio, Tune 720BT ina ya milimita 40 na inazunguka sikio. Majina yanafanana, na muuzaji mwenye haraka atakuambia ni kitu kimoja, lakini kwenye kuziba ni hedifoni mbili tofauti kabisa.

Sasa zile milimita. Ukubwa wa spika peke yake haukuambii chochote kuhusu besi. Sony MDR-7506, ambayo iko sokoni tangu 1991 na utaikuta kwenye studio dunia nzima, ina spika ya milimita 40. Barabarani kuna za milimita 50 ambazo hazina hata robo ya sauti yake. Vivyo hivyo maandishi ya "20 Hz hadi 20,000 Hz" kwenye boksi. Bila kuambiwa sauti inashuka desibeli ngapi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) inapofika huko chini, namba hizo ni mapambo.

Niwaoneshe ninachokikuta ndani. Nikifungua hedifoni feki yenye jina kubwa nje, spika yake huwa na sumaku ndogo na imeshikwa kwa gundi ya moto iliyomwagwa upande mmoja tu. Upande wa pili kuna mwanya unaoweza kupitisha ncha ya kalamu. Hewa inapita hapo moja kwa moja kutoka mbele ya spika kwenda nyuma, na besi inaishia humohumo. Hedifoni nzuri iliyofungwa nyuma nayo mara nyingi ina kitundu cha kupumulia, lakini kimefunikwa kwa kipande cha karatasi au kitambaa maalumu kinachopitisha hewa kwa kipimo. Kwenye feki kitundu kiko wazi, au hakipo. Mara nyingine nakuta kipande cha chuma kimegundishwa ndani ya kikombe, hakina kazi yoyote ya sauti, kimewekwa ili ukiishika uhisi ni nzito na ya maana.

Kwa hiyo ukishuka Kariakoo, iwe mtaa wa Aggrey au Msimbazi, na winga, yaani dalali wa barabarani, akakupeleka kwenye duka analolijua yeye, usinunue kwa macho. Nenda na simu yako mwenyewe, na nyimbo zilizo ndani ya simu, maana intaneti ya pale katikati ya watu haina uhakika. Chukua wimbo wa singeli: mapigo yake yanapita 200 kwa dakika, na hedifoni yenye besi ya uvivu itayaunganisha yote yawe ngurumo moja. Chukua amapiano, sikiliza ule mdundo mzito unaoteleza, uone kama unashuka hadi chini au unakatika njiani. Kama nyumbani kuna taarabu, chukua moja yenye gitaa la besi linalosikika noti kwa noti.

Halafu fanya jaribio la kidole. Vaa, cheza muziki wenye besi kwa sauti ya wastani, kisha inua ukingo wa pedi kidogo kwa ncha ya kidole. Besi ikianguka ghafla, jua pedi ilikuwa inaziba. Isipobadilika, haikuwa inaziba tangu mwanzo. Kisha fanya kinyume: bonyeza vikombe viwili kwa viganja. Kama besi inaongezeka sana ukibonyeza, basi upinde hauna nguvu ya kushika kichwa chako, na hutatembea Dar nzima umeshika masikio. Ukiweza, weka kwenye simu programu ya bure ya kutoa mlio, ucheze 100 Hz, 60 Hz na 40 Hz kwa sauti ndogo. Ukisikia mchakacho au mtetemo wa plastiki, irudishe kwenye boksi.

Kwa hedifoni za Bluetooth kuna kipimo kimoja zaidi cha uhalisi. Tune 720BT inatambulika kwenye programu ya JBL, na nyingi za Soundcore zina programu yao, ingawa Life Q20 ya kawaida haimo. Sakinisha kabla hujatoka chuo, uunganishe palepale dukani. Feki nyingi huishia hapo.

Nikiambiwa nitaje, nitataja chache. Za waya, Audio-Technica ATH-M20x ndiyo ninayoipendekeza kwa mwanachuo anayetaka pia kusomea kurekodi au kuhariri video: spika ya milimita 40, ukinzani (jinsi inavyozuia umeme kupita) wa omu 47, besi ya kutosha isiyofunika sauti ya mtu. Waya wake ni wa mita tatu na hautoki, jambo linaloudhi ukiwa unatembea. Marekani huuzwa takriban dola 50, kwa hiyo mtu akikupa mpya kwa elfu thelathini, hiyo siyo M20x. OneOdio Pro-10 ina besi nene zaidi, omu 32, na inaingia kwenye simu na kwenye mikisa kwa waya uleule. Kwa anayetaka kutikiswa, hiyo. Zisizo na waya, Soundcore Life Q20 na hiyo Tune 720BT. Kama una chini ya elfu hamsini, ningekuambia utafute ya mtumba ya jina la kweli na ubadilishe pedi, kuliko kununua mpya isiyo na mwenyewe.

Omu ni za kuangalia kwenye za waya tu. Simu ina nguvu ndogo. Beyerdynamic DT 770 PRO ipo ya omu 80 na ya omu 250, na hiyo ya 250 ukiichomeka kwenye simu ya kawaida sauti itakuwa chini hata ukipandisha mwisho. Kaa chini ya omu 80 na hutapata tabu. Za Bluetooth zina amplifaya yake ndani, suala hilo halikuhusu. Na kabla ya kununua ya waya, angalia kama simu yako ina tundu la 3.5mm. Tecno na Infinix nyingi bado zinalo. Kama yako haina, bajeti iwe na adapta.

Niseme neno kuhusu daladala na mwendokasi, maana hapo ndipo wengi hulalamika kuwa hedifoni imeharibika. Hedifoni iliyofungwa nyuma huzuia vizuri kelele za juu, kama maongezi na honi, lakini ngurumo ya injini ni besi, na besi ya nje hupenya. Injini inaifunika besi ya wimbo wako, nawe unapandisha sauti. Teknolojia ya kufuta kelele inafanya kazi vizuri zaidi hukohuko chini, na hapo Life Q20 inastahili pesa yake kwa mtu wa Kimara au Mbagala anayepanda gari kila siku. Nasisitiza hili kwa sababu masikio hayana spea. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10.

Kupenda besi si ushamba, na asikutishe mtu. Utafiti wa Sean Olive na wenzake pale Harman, kampuni mama ya JBL na AKG, umeonesha kuwa wasikilizaji wengi hupendelea besi iliyoinuliwa kiasi. Kwa hiyo ikwalaiza, yaani programu ya kuinua au kushusha sehemu za sauti, ni haki yako. Kwenye Android kuna Wavelet, ambayo ina marekebisho tayari ya maelfu ya hedifoni. Tafuta jina la yako. Ukirekebisha mwenyewe, inua chini ya 100 Hz kwa desibeli 4, na ushushe sauti ya jumla kwa desibeli 4 hizohizo, vinginevyo mdundo utapasuka. Ila ikwalaiza haizibi tundu. Ukiinua besi kwenye pedi inayovuja, unailazimisha spika kufanya kazi ya bure.

Na pedi zetu za Dar zinakufa mapema. Ngozi bandia ya poliyurethani huvunjwavunjwa na unyevu na joto, na jasho linaharakisha. Utaona vipande vyeusi shingoni, na kuanzia hapo besi inapungua kidogokidogo. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukivua, usizifungie kwenye begi zikiwa na jasho. Ukibadilisha, chukua zenye kina kilekile, zisizo na vitundu. Za kitambaa cha manyoya ni baridi zaidi kwa joto letu, lakini nyingi hupitisha hewa na utailipia besi. Zikikubana mno zikiwa mpya, zivalishe rundo la vitabu lililo pana kidogo kuliko kichwa chako, zilale hivyo usiku mmoja au miwili.

Waya utakatika, karibu kila mara pale kwenye pini. Fundi mzuri ataukata na kuchomea pini mpya kwa pesa ndogo. Ukienda kuichukua, usiondoke bila kusikiliza, kwa sababu nyaya za upande mmoja zikigeuzwa, chanya ikakaa kwa hasi, pande zote mbili zitalia na utadhani kazi imekwisha, kumbe spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Besi itakuwa nyembamba na ya ajabu hata kama pedi zinaziba. Cheza wimbo wenye mwimbaji mmoja: sauti yake inatakiwa ikae katikati ya kichwa. Kama imetawanyika pembeni na hujui iko wapi, mrudishie fundi palepale ageuze nyaya mbili za upande mmoja. Ni kazi ya dakika chache, na hupaswi kulipia tena.