Oksijeni kwa Mapafu Yenye Ugonjwa wa Muda Mrefu: Kwa Nini Kipimo Hakiongezwi Ovyo

Katika wodi za hapa Bukavu, mlinzi wa mgonjwa akiona mtu wake anahema kwa shida, mara nyingi mkono humwenda kwenye kifungo cha mtungi wa oksijeni. Nia yake ni njema. Lakini kwa mtu ambaye mapafu yameharibiwa kwa miaka mingi na tumbaku, na moshi wa kuni na makala, au na kifua kikuu cha zamani, tendo hilo laweza kumzidishia ugonjwa.

Mapafu hayo yana sehemu ambazo hewa haiingii vizuri, na mwili hujitetea kwa kuibana mishipa midogo inayopeleka damu huko, ili damu iende penye hewa ya kutosha. Oksijeni ikizidi, mishipa hiyo hulegea, damu hupita tena pasipo na hewa, na kaboni dioksidi, ile hewa chafu tunayoitoa tukipumua, hushindwa kutoka. Vilevile, himoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu, ikishashiba oksijeni hubeba kaboni dioksidi kidogo zaidi. Wauguzi wengi tumefundishwa kwamba mgonjwa "husahau kupumua"; ni kweli msukumo wa kupumua hupungua kiasi, ila maelezo hayo peke yake hayatoshi.

Kaboni dioksidi ikipanda, mgonjwa huumwa kichwa, mikono hutetemeka, maneno humchanganyika, kisha husinzia. Hapo ndipo familia hufurahi kwamba hatimaye amepata usingizi, kumbe ndiyo saa ya kumwita muuguzi mbio.

Kwa mgonjwa wa namna hii, kipimo cha kidoleni, kinachoonyesha oksijeni iliyomo katika damu, hulengwa kati ya asilimia 88 na 92, na mara nyingi lita 1 au 2 kwa dakika kupitia puani hutosha kuanzia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka Tasmania, Australia, ulionyesha kuwa kutoa oksijeni kwa kipimo hicho, badala ya kuimimina, kulipunguza vifo kwa zaidi ya nusu. Nasi tunaishi kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani, kwa hiyo namba 90 kwa mgonjwa huyu isimtishe mtu.

Hata hivyo, oksijeni isikatwe ghafla kwa hofu ya kaboni dioksidi, maana kiwango cha oksijeni katika damu chaweza kuanguka chini ya pale kilipokuwa kabla ya matibabu. Hupunguzwa hatua kwa hatua, na anayeipunguza ni muuguzi au daktari mwenye kipimo mkononi.