Muvi za siasa za Nairobi: ukiujua mji, lokesheni inakuwa shahidi

Mtu akiniuliza muvi gani ya siasa imeionyesha Nairobi ninayoijua mimi, simung'unyi maneno, ni The Constant Gardener ya 2005, na nitaitetea mpaka mate yanikauke. Kwa wasionijua, kazi yangu ni kupiga na kuediti video hapa Mwanga, Kigoma, harusi, kwaya, kampeni, chochote chenye kulipa, ila kabla ya kurudi huku mwisho wa reli nilikaa Nairobi miaka kadhaa nikibeba taa na stendi kwenye seti za watu. Kwa hiyo muvi ikipigwa kule mimi siangalii stori tu, naangalia kona.

Stori fupi: Tessa, mke wa mwanadiplomasia wa Uingereza, anagundua kampuni ya dawa inawajaribia maskini dawa ya kifua kikuu, anauawa huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, mumewe mpole mpenda maua anaanza kufukua. Basi. Kinachonishika mimi ni zile shoti za Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Muongozaji Fernando Meirelles na mpiga kamera wake César Charlone walikuwa wametoka kupiga City of God kwenye vichochoro vya Rio de Janeiro, kwa hiyo walikuja Kibera yenyewe, hawakujenga Kibera ya mbao mahali pengine. Sasa tafuta ile sini Rachel Weisz, ndiye Tessa, anapita na mimba yake, watoto wanamfuata na ile "hauayu, hauayu" ambayo mzungu yeyote aliyekanyaga Kibera ameisikia. Usimwangalie Weisz. Waangalie walio nyuma yake.

Niwaelezee kiufundi kidogo. Ukileta kamera kubwa, reli za kamera, mataa na jenereta inabidi ufunge njia, na ukishafunga njia kila mtu anayeonekana kwenye fremu ni wa kulipwa au ameambiwa asimame hapo, na mtu aliyeambiwa apite anapita kama anaenda kupokea cheti. Ukishika kamera mkononi, ukatumia jua la Mungu na kikosi kidogo, watu wanakukodolea macho dakika chache halafu wanakuchoka, wanaendelea na shughuli zao, na hapo ndo unapata mtaa wenyewe. Kamera inatikisika, ndiyo, na vijana wangu wa banda la video hapa wananiambia "bro huyu kamera hajui kushika", lakini ile tikisa ndo bei ya kupata sura za watu wasioigiza. Weisz akabeba Oscar ya muigizaji msaidizi wa kike, sawa, lakini mimi naona nusu yake angewaachia wale watoto.

Siyo kwamba haina uongo. Rangi kwa mfano, Kenya yote wameipaka joto, machungwa na wekundu, halafu London na Berlin zimepakwa ubaridi wa kijanikijani, wakati Nairobi iko juu mita kama 1,700 na mwezi wa saba watu wanatembea na masweta na wingu limekaa juu ya mji siku nzima, yani jua lile la kwenye muvi utalipata kirahisi zaidi hapa Kibirizi wanapoanika dagaa. Na Tessa anasemekana kaenda Loki, yaani Lokichoggio, ambayo iko kaskazini magharibi kule karibu na mpaka wa Sudan Kusini, halafu Ziwa Turkana unaloliona ni la upande wa Loiyangalani, kusini mashariki, ziwa zima liko katikati. Mkenya akiona anacheka. Mimi nacheka pia, ila huo naita uongo wa halali kwa sababu ukiutoa kesi ya muvi haibadiliki, kampuni bado ina hatia na ubalozi bado umefumba macho.

Sasa kuna uongo mwingine. Eye in the Sky ya 2015, Helen Mirren ni kanali wa Uingereza, droni iko juu ya nyumba Eastleigh, mtaa wa Nairobi, ndani kuna magaidi wanavaa mabomu, nje kuna katoto kanauza mikate, je wapige au wasipige? Muvi kali, moyo unakwenda mbio. Lakini imepigwa Afrika Kusini, na Eastleigh yake ni nyumba za chini, uwanja wa vumbi, mama anaoka mikate uani, mtoto anazungusha pete kiunoni, na wanamgambo wenye bunduki wanapita na pikapu kama mtaa ni wao. Eastleigh niliyokuwa nanunua nguo mimi ni maghorofa ya maduka yamebanana, matope, honi za matatu, mikokoteni, huo ua wa kuokea mikate ungeshajengwa ghorofa zamani. Na kambi ya jeshi la anga iko hapohapo jirani!

Na hii siyo kulalamikia pazia na rangi ya ukuta, maana mabishano yote ya ile muvi yanasimama juu ya jambo moja, kwamba askari wa Kenya hawawezi kuingia mtaa ule kwa miguu, wanamgambo wameushika, kwa hiyo limebaki kombora tu. Wakati Aprili 2014, mwaka uleule waliopiga, polisi wa Kenya waliingia Eastleigh nyumba kwa nyumba, wakakamata maelfu ya watu, wengine wakarundikwa uwanja wa Kasarani, na malalamiko ya haki za binadamu yakafuata. Kwa hiyo wakazi wa kule shida yao haikuwa polisi kushindwa kuingia, bali polisi walioingia. Ukiondoa ule mtaa wa kubuni, Mirren anabaki hana hoja.

Kuna mdau alinibishia kwamba baada ya magaidi kushambulia jumba la maduka la Westgate, Nairobi, 2013 nani angepeleka nyota wa Uingereza Eastleigh, na Afrika Kusini wanarudishia watengeneza filamu sehemu ya gharama. Sawa, nakubali, mimi mwenyewe ningepigia huko. Lakini ukihamisha lokesheni, hamisha na barabara, msongamano na kambi yake, au basi ubuni jina la mtaa. Sisi Kigoma tunalijua hili vizuri, kamera za nje zikija ni Gombe kwa sokwe au kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hujawahi kuona Mwanga jioni watu wanakula zao mishikaki.

Barkhad Abdi, anayeigiza jasusi wa Kenya kwenye Eye in the Sky, lakini simuingizi kwenye lawama. Pale anapohangaika kununua mikate yote ili yule mtoto aondoke, ameicheza kwa macho tu, na hapo hata mimi nilisahau niko Afrika Kusini.