Muswada "kulazwa mezani" maana yake nini?

Juzi nimesikia tena redioni usemi huu ukitafsiriwa vibaya. Mtangazaji alikuwa akisoma habari za jimbo moja la Marekani, akasema muswada fulani "umewasilishwa mezani", na sauti yake ikapanda kama ya mtu anayetangaza kwamba kazi sasa imeanza. Kumbe siku hiyo ndiyo muswada wenyewe ulikuwa umezimwa. Aliyetafsiri alichukua neno la Kiingereza la meza, *table*, kama lilivyo akalivalisha maana ya kwetu.

Kosa hili nimelikuta mara nyingi mno, hata kwa waandishi ninaowaheshimu, na linaumiza zaidi mtu anapoandika historia. Habari ya leo ikikosewa, kesho itasahihishwa. Lakini ukisema ombi la mwananchi wa mwaka 1786 "liliwasilishwa" wakati ukweli ni kwamba liliachwa lilale, umempa msomaji picha ya bunge jingine kabisa.

Maana yenyewe ni fupi. Katika mabunge ya Marekani, kuweka jambo mezani ni kuliondoa kwenye mjadala. Katika mabunge yanayofuata desturi ya Uingereza, yakiwemo ya kwetu, ni kulileta mbele ya mjadala. Churchill alisimulia jinsi maofisa wa Uingereza na wa Marekani walivyobishana kwa muda mrefu na kwa ukali, wakati wa Vita Kuu ya Pili, juu ya hati moja: Waingereza wanataka iwekwe mezani, Wamarekani wanakataa katakata isiwekwe. Wote walikuwa wanataka ijadiliwe haraka.

Kwetu mambo yako wazi. Fungua Taarifa Rasmi ya Bunge la Tanzania, utakuta kichwa "Hati zilizowasilishwa mezani", na chini yake majina ya mawaziri na wenyeviti wa kamati walioleta taarifa siku hiyo. Ofisa anayeketi pale mbele ya Spika anaitwa Katibu Mezani. Kwa hiyo sikio la Mtanzania likisikia "mezani" linaelewa kwamba jambo limefika. Simlaumu mtangazaji kwa hilo.

Tena lugha yetu imezoea samani kugeuka mamlaka. Baraza ni kibao cha mawe mbele ya nyumba za pwani, mahali pa watu kuketi jioni wakizungumza, na leo tuna Baraza la Mawaziri. Kiti ni kiti, lakini mbunge akisema "naomba mwongozo wa Kiti" haombi mbao na msumari. Meza tumeipata kwa Wareno, kutoka neno lao *mesa*, na wao wenyewe hulitumia neno hilo hilo kwa wale wanaoongoza kikao cha bunge. Ndiyo maana ni rahisi kusahau kwamba hapo mwanzo palikuwa na meza ya kweli, yenye miguu minne, na karatasi juu yake.

Meza hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame, na nitaitazama katika jimbo la Virginia, katika miaka ya kwanza baada ya uhuru wa Marekani.

Katiba ya Virginia ya mwaka 1776 iliweka mabaraza mawili, Baraza la Wajumbe na Seneti, na kila sheria ilipaswa kuanzia kwa Wajumbe. Kila kaunti ilileta wajumbe wawili. Gavana alichaguliwa na bunge hilo hilo kila mwaka, na hakuwa na uwezo wa kuzuia muswada uliopita. Mtu aliyekuwa na shida hakwenda kwa gavana. Alipeleka ombi bungeni.

Na watu walipeleka maombi kwelikweli. Huyu anataka kivuko kianzishwe mtoni kwake. Hawa wanaona kaunti yao ni kubwa mno, igawanywe. Mjane anadai malipo ya mumewe aliyekufa vitani, mwingine anataka ndoa yake ivunjwe, maana wakati huo talaka ilihitaji sheria ya bunge. Kazi ya kila siku ya bunge la jimbo ilikuwa hii zaidi kuliko zile hotuba tunazosimuliwa: kupokea karatasi za watu, kuzisoma, kuamua ziende wapi.

Karatasi ilikuwa moja. Hapakuwa na nakala za kugawia wajumbe wote. Mjumbe alisimama na ombi lililokunjwa, akasema linatoka kwa nani, na karani akalipokea na kulisoma kwa sauti huku Baraza likisikiliza. Kuanzia 1779 hadi 1789 karani huyo alikuwa John Beckley, mtu aliyeletwa kutoka Uingereza angali mtoto ili anakili nyaraka, na ambaye baadaye alikuwa karani wa kwanza wa Baraza la Wawakilishi la taifa, kisha mkuu wa kwanza wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Karani alipomaliza kusoma, ombi lilikuwa liko hapo mbele yake, mezani. Swali lilikuwa moja: liende wapi?

Njia ya kwanza ilikuwa kamati. Virginia ilikuwa na Kamati ya Madai, Kamati ya Dini, Kamati ya Mapendekezo na Malalamiko, na nyinginezo. Ombi likipelekwa huko, karatasi inaondoka mezani. Kamati inachunguza, inarudi na maoni kwamba ombi "lina msingi" au likataliwe. Maombi hayo bado yamehifadhiwa Richmond, mji mkuu wa Virginia. Ukigeuza karatasi nyuma, pale mikunjo ilipokutana, unaona mwandiko wa haraka wa karani: nani ameomba, tarehe, kamati iliyopewa, halafu neno moja au mawili ya hukumu. Maisha ya mtu yamefungwa katika maneno hayo machache nyuma ya karatasi.

Njia nyingine ilikuwa kuacha. Baraza haliko tayari, au lina jambo jingine la haraka, au linangoja habari zaidi. Karani anaandika kwenye kumbukumbu kwamba imeamriwa ombi hilo lilale mezani. Yaani karatasi haikwenda kamatini. Imebaki palepale ilipokuwa.

Na kubaki pale hakukuwa kufa. Meza ilikuwa ya Baraza zima. Kilichopelekwa kamatini kilikuwa mikononi mwa watu wachache hadi watakaporudi. Kilicholala mezani mjumbe yeyote aliweza kusimama na kuomba kiitwe. Thomas Jefferson alikaa katika Baraza hilo la Wajumbe kuanzia 1776 hadi 1779, na alipokuja kuongoza Seneti ya taifa akiwa Makamu wa Rais aliandika mwongozo wa taratibu za bunge, ukachapwa mwaka 1801. Humo anaeleza wazi: bunge likiwa na shughuli nyingine ya wakati huo, lakini linataka kujihifadhia uwezo wa kuirudia hoja wakati wowote litakapopenda, huamuru hoja hiyo ilale mezani, na inaweza kuitwa muda wowote.

Kwa Kiswahili tunalo neno lake kamili, wala hatuhitaji kuliazima: kiporo. Chakula kilicholala. Hakijatupwa, hakijaliwa, kimefunikwa, na mwenye njaa akiamka atakipasha moto. Tunasema mechi ya kiporo, kesi ya kiporo. Basi ombi la Virginia lililolazwa mezani mwaka 1785 lilikuwa kiporo.

Hapa lipo kosa la pili, la wale waliojua kwamba maana ya Kimarekani ni tofauti na yetu, wakakimbilia upande wa pili: wanaandika kila penye "mezani" kwamba jambo "lilikataliwa". Hapana. Aliyetaka kuua muswada bila kuukataa alikuwa na njia nyingine, nayo ni kuusogeza tarehe. Desemba 1784 Virginia ilikuwa na muswada wa kodi ya kuwalipa walimu wa dini ya Kikristo, ulioungwa mkono sana na Patrick Henry, mwanasiasa mashuhuri wa jimbo hilo. Henry alikuwa amechaguliwa gavana Novemba, akakosa sauti ndani ya Baraza. Tarehe 24 Desemba wajumbe waliamua usomaji wa tatu, ule wa mwisho, usubiri hadi Novemba ya mwaka uliofuata, na nakala zilizochapwa zipelekwe kwenye kaunti watu waseme wanavyoona. Angalia tofauti: muswada haukulazwa mezani, kwa sababu ungelala mezani mtu angeweza kuuita kesho yake. Ulipewa siku, na siku hiyo ilikuwa mbali. Kiangazi cha 1785 James Madison, mmoja wa wajumbe, akaandika waraka wa kuupinga bila kutia jina lake, maombi yenye sahihi zaidi ya 10,000 yakamiminika Richmond, na muswada ukafa bila kupigiwa kura ya mwisho. Januari 1786 ikapita badala yake sheria ya uhuru wa dini, ambayo muswada wake Jefferson aliuandika na ukaletwa bungeni mara ya kwanza mwaka 1779. Jefferson mwenyewe alikuwa Paris.

Mwenye kutafsiri "waliuweka mezani" kwa tukio la Desemba 1784 amepoteza ujanja wote uliofanyika siku ile.

Lakini nisiifanye meza ionekane ya upole kuliko ilivyokuwa. Kiporo kisipopashwa huchacha. Kikao kilipofungwa, mara nyingi mwenye ombi lililolala alilazimika kuanza upya mwaka uliofuata. Kwa mwenye kivuko hilo ni usumbufu. Kwa mtu aliyekuwa mtumwa lilikuwa jambo jingine. James, aliyekuwa mali ya William Armistead, alipeleleza kambi ya Waingereza mwaka 1781 kwa niaba ya Lafayette, jenerali Mfaransa aliyepigana upande wa Wamarekani. Virginia ilipotoa sheria mwaka 1783 ya kuwaacha huru watumwa waliopigana badala ya mabwana zao, yeye haikumhusu, maana alikuwa mpelelezi, si askari. Alipata uhuru Januari 1787, kwa sheria iliyopitishwa kwa ajili yake, baada ya kupeleka ombi. Na baada ya sheria ya 1806, iliyomtaka kila aliyeachwa huru aondoke Virginia ndani ya miezi 12, watu waliomba bungeni wabaki walipo wake, waume na watoto wao. Mtu wa namna hiyo karatasi yake ikilala, siku zake zinaendelea kuhesabiwa.

Maana ya kuzika ilikuja taratibu, na mahali pa kuiona waziwazi ni katika Bunge la taifa. Hoja ya kulaza jambo mezani haikuruhusu mjadala, kwa hiyo wengi walioshika kura waliona ni njia ya haraka ya kumnyamazisha mwenzao. Mei 1836 Baraza la Wawakilishi liliazimia kwamba maombi yote yanayohusu utumwa, bila kuchapwa wala kupelekwa kamatini, yalazwe mezani, na lisifanyike lolote zaidi juu yake. Sehemu ya kwanza ya azimio ni desturi ya zamani. Maneno ya mwisho ndiyo yaliyoigeuza meza kuwa kaburi. John Quincy Adams, aliyekuwa Rais kabla ya hapo, aliupiga vita utaratibu huo mwaka hadi mwaka, na uliondolewa Desemba 1844.

Kwa hiyo mtangazaji wetu, kwa habari ya leo kutoka Marekani, angesema tu kwamba muswada umewekwa kando, au umezimwa ikiwa habari yenyewe inaonyesha hivyo. "Umewasilishwa" aliache kwa Dodoma. Na wewe unayesoma kumbukumbu za Virginia za miaka ya 1780, ukikuta ombi limeamriwa mezani, andika "lililazwa mezani", kisha endelea kufunua kurasa za kikao hicho utazame kama kuna mjumbe aliyesimama akaliita.