"Wanaimba na kuchora tu, kusoma watasoma lini?"

Wiki hii nimeulizwa tena. Mzazi alifungua begi la mwanawe langoni, akatoa daftari, akapekua kurasa tatu nyeupe, kisha akanionyesha karatasi iliyokunjwakunjwa yenye madoa mekundu na ya bluu. "Mwalimu, ndiyo masomo haya?" Nikamwambia ndiyo. Akadhani namtania.

Hakuna imani inayonichosha kama hii: kwamba sanaa chekechea ni mapumziko, na somo lenyewe huanza pale mtoto anaposhika penseli na kunyamaza.

Asubuhi ya siku ileile tulikuwa tunapiga makofi majina ya wanyama. Kuku, makofi mawili. Twiga, mawili. Tulipofika kwa mbwa, mtoto mmoja akapiga mawili, m-bwa, na mwenzake akamcheka: ni moja! Wakabishana. Tukarudia polepole, tukisikiliza, hadi yule mbishi akakubali kwamba ile m imesimama peke yake. Nikawapa mbuzi. Sasa darasa zima likapiga matatu, m-bu-zi, kwa kuwa wamejifunza ujanja mpya, ikabidi turudi nyuma: mbu-zi, mawili tu. Mtoto wa miaka mitano anayebishana kuhusu silabi za mbwa na mbuzi ameshaanza kusoma. Kilichobaki ni kuonyeshwa herufi. Asiyezisikia sauti utamwandikia herufi ubaoni mwaka mzima, naye atazinakili vizuri kabisa kama anavyonakili ua, na siku ukimpa neno jipya atakukodolea macho.

Hili si wazo langu. Mwaka 1983, Lynette Bradley na Peter Bryant wa Uingereza walichapisha utafiti uliowafuatilia watoto kuanzia miaka 4 na 5, ukaonyesha kuwa wale waliotambua mapema maneno yenye vina na sauti zinazofanana walikwenda vizuri zaidi baadaye katika kusoma na tahajia. Na vina mtoto huvipata wapi, kama si kwenye nyimbo?

Turudi kwenye ile karatasi. Baada ya silabi tulipiga mdundo: kofi, kofi, kishindo, kofi, kofi, kishindo. Ulipowakaa mwilini, nikawaambia wauchore. Hakuna aliyeelekezwa rangi. Huyu mtoto alichagua nyekundu kuwa kofi na bluu kuwa kishindo: nyekundu, nyekundu, bluu, mara nne bila kukosea, kisha karatasi ikamwishia akamalizia pembeni. Nikamuuliza, vishindo vikiwa vitano, makofi yatakuwa mangapi? Akapiga, akahesabu, akasema kumi. Hayo ndiyo "madoa" yaliyokuwa begini. Kuona mpangilio unaojirudia, kuuhamisha kutoka sauti kwenda rangi, kisha kuutumia kujua kitu ambacho hakijachorwa: kama hiyo si hisabati, basi sijui tunaita nini hisabati.

Ninakubali kitu kimoja. Yapo madarasa ambamo malalamiko ya mzazi yana haki. Ukiona maua thelathini yaliyochapishwa, yote yamepakwa rangi ileile ndani ya mstari uleule, hapo hakuna aliyefundishwa sanaa wala kitu kingine; mwalimu alikuwa anatafuta utulivu. Walimu wenzangu, acheni kuwachorea watoto. Na mkiona mchoro msioutambua, msiulize "hii ni nini?" Semeni "nieleze", kisha mwandike chini maneno yake mwenyewe, akiona mkiandika.

"Basi angalau aanze kuandika, mkono uzoee." Mkono hauzoei kwa kulazimishwa. Kwa kawaida mtoto huweza kunakili duara akiwa na takriban miaka 3, msalaba akiwa na 4, pembetatu akikaribia 5, na herufi zimejengwa kwa mistari hiyohiyo. Kufinyanga udongo, kuchana karatasi na kukata kwa mkasi ndiko kunakovipa vidole nguvu. Ushauri wangu, ambao wazazi huuchukia: vunjeni krayoni. Kipande cha sentimita 3 hakishikiki kwa ngumi. Vidole vitatu vinajipanga vyenyewe, bila mtu kumfokea mtoto.

Mengine nayamaliza haraka.

"Nampigia muziki wa Mozart alale, aongeze akili." Utafiti ulioanzisha habari hiyo, wa mwaka 1993, ulifanywa kwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu, wala si watoto, na nafuu iliyoonekana, katika aina moja tu ya mafumbo, ilidumu dakika 10 hadi 15. Mwacheni mtoto alale.

"Ni mtindo mpya huu." Friedrich Fröbel alianzisha kituo chake cha watoto kule Ujerumani mwaka 1837 kwa nyimbo, michezo ya vidole, mipira na vitofali vya mbao, na jina kindergarten lenyewe ni lake. Kilichozuka baadaye ni daftari.

"Anachora watu ambao miguu imetokea kichwani, tumpeleke kwa daktari?" Ana miaka mitatu na nusu. Hapana.

"Wangu ni mpole, kuigiza hakumfai." Hapa nina kisa. Tulikuwa tunaigiza mbegu inayoota. Watoto wote wakachutama, na nilipotoa ishara wakanyoosha mikono juu. Nikawasimamisha: kinachotangulia kutoka ni nini? Siku mbili kabla tulikuwa tumeziangalia mbegu za maharage kwenye pamba yenye maji. Mmoja tu, ambaye tangu muhula uanze sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya "nipo", alinyoosha mguu wake taratibu sakafuni. Mzizi. Wengine wakamtazama, nao wakanyoosha miguu. Siku hiyo hakusema neno, wala sikumlazimisha. Mwezi uliofuata, akiwa amejificha nyuma ya meza na kikaragosi cha soksi mkononi, alimkaripia mbweha mwizi kwa sauti iliyomtoa mwalimu wa darasa la jirani kuja kuuliza kuna nini.