Je, Wajua Kwa Nini Mpiga Gofu wa Ridhaa Huinuka Kabla Fimbo Haijafika Kwenye Mpira?

"Umeinua kichwa!" Hakuna aliyejifunza gofu ambaye hajaambiwa hivyo. Fimbo inapita juu, inakwaruza utosi wa mpira, mpira unabiringika hatua chache nyasini, na mwenzako ameshatoa hukumu kabla haujasimama. Hukumu hiyo niliiamini miaka miwili mizima. Nilikaza shingo, nikabana kidevu kifuani, nikaukodolea mpira macho. Mpira ukaendelea kubiringika.

Kichwa kilikuwa kinasingiziwa. Kimekaa juu ya uti wa mgongo, na uti umekaa juu ya nyonga, kwa hiyo kikipanda sentimita tano, kuna kitu huko chini kilichokisukuma. Na nafasi ya kukosea ni finyu mno. Kipenyo cha mpira wa gofu hakipungui milimita 42.67, kutoka nyasini hadi katikati yake ni kama milimita 21 tu. Mwili ukipanda kiasi hicho huku mikono imenyooka, ukingo wa fimbo unakuta tumbo la mpira.

Mtazame Annika Sörenstam wa Uswidi. Fimbo yake ikiwa ndiyo inafika kwenye mpira, uso wake ulikuwa umekwisha kugeukia shabaha. Mwaka 2001 akawa mwanamke wa kwanza kumaliza raundi ya mashimo 18 kwa mikwaju 59 tu katika mashindano ya LPGA, chama cha gofu ya kulipwa ya wanawake. David Duval wa Marekani alikuwa na mazoea hayohayo, naye alipiga 59 yake mwaka 1999. Macho yao yaliuacha mpira mapema, ila mgongo ulibaki umeinama vilevile. Ningeyajua hayo mapema, shingo yangu ingepumzika.

Basi kinachoinua mwili ni nini? Chukua kamba, funga ncha moja kwenye kigingi na nyingine kwenye kijiti, kisha chora duara mchangani. Kigingi kikitulia, kijiti kitapita palepale hata ukizungusha mara mia. Sasa kisogeze kigingi kuelekea mstari uliokwisha kuuchora. Kijiti kitatoka nje ya mstari, na ukitaka kirudi palepale, itakubidi ufupishe kamba au uinue kigingi.

Kigingi ni mwili wako, kamba ni mikono na fimbo, na mwili hufanya yote mawili. Wakati wa kushusha fimbo, nyonga za mpigaji husogea mbele kuelekea mpira badala ya kuzunguka zilipo. Mikono inakosa pa kupita. Viwiko vinakunjika, kifua kinanyanyuka, na kichwa kinafuata. Ndiyo maana mtu huyohuyo mara anapiga utosi wa mpira, mara mpira unagonga shingo ya fimbo, pale mpini unapoungana na kichwa chake, na kuruka pembeni, akadhani ana magonjwa mawili. Ni moja.

Nyonga nazo zina sababu ya kusogea. Kichwa cha draiva, fimbo ndefu ya kupigia mbali, kina takriban gramu 200. Kikienda mita 40 kwa sekunde kwenye duara lenye nusu kipenyo cha kama mita moja na nusu, humvuta mpigaji kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 20. Aliyesimama uzito ukiwa vidoleni ataanguka kifudifudi asipojiokoa, na mwili hujiokoa kwa kurudisha kifua nyuma. Hapo nyonga hutangulia mbele. Si wote, lakini: wengine wamekakamaa viungo vya nyonga, na wapo wachezaji hodari wanaosogea kidogo bila kuharibu kitu.

Kushusha fimbo huchukua takriban robo sekunde, muda usiotosha kujirekebisha katikati ya kuzungusha fimbo. Marekebisho huanzia kwenye kusimama. Weka fimbo wima mgongoni, iguse kisogo, katikati ya mabega, na mfupa ulio juu kidogo ya matako. Kisha inama. Ikiachia sehemu mojawapo, umekunja mgongo. Nyonga ndizo zinazotakiwa kukunjika, kama bawaba. Magoti yalegee kidogo, uzito uwe katikati ya nyayo.

Halafu simama matako yakigusa ukuta kidogo, mikono umeikunja kifuani, bila fimbo. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, ukizunguka nyuma, tako la kulia ligandamize ukuta; ukirudi mbele, la kushoto lichukue nafasi yake. Polepole, mara nyingi.

Siku ya kwanza, matako yangu yote mawili yaliuacha ukuta mara tu nilipoanza kurudi mbele, na mimi nilikuwa na hakika sijasogea hata kidogo. Ilinichukua karibu wiki tatu hadi nikaanza kusikia kitambaa cha suruali kikisugua ukuta, kutoka kulia kwenda kushoto, bila kukatika.